Mashini ifuate shamba



Wengi wetu tulirudi toka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tukakuta mashamba imekuwa pori. Sasa tuko na pesa kidogo ya mashini, na wamoja wanataka trakta ya magurudumu mine. Sisi wa kamati tunasema: tuangalie kwanza mashamba. Huku bonde la Ruzizi yetu ni vipande vidogo, na mpunga uko ndani ya maji. Trakta nzito itazama, na nafasi ya kugeukia haiko. Pawatila, ile ya magurudumu mawili yenye mutu anaishika kwa nyuma, inaingia, tukiivalisha magurudumu ya chuma. Lakini kwenye mulima mukali, hapana: inaweza kupinduka na kuumiza mutu. Kule jembe libaki.

Mbele ya kulipa, tuulize: piesi zinapatikana Uvira? Fundi ni nani? Mbele ya kuwasha, kila asubuhi, oili ipimwe na filta ya hewa iangaliwe. Mwenye kulimiwa alete mazutu, tena aweke kitu kwenye sanduku la piesi, hata akiwa kiongozi.

Wafadhili, mukituletea mashini bila piesi, kisha misimu miwili kuku watalalia juu yake.

Basi, leo tuamue.