Sabufa, Amplifaya na Boksi: Namna ya Kuvioanisha Kabla ya Kulipa
Mada kwa wamiliki wa magari ya binafsi, daladala na bajaji



Kazi yetu ni kumlinda mlaji, na mlaji anayefunga muziki kwenye gari lake ana haki ya kulindwa sawa na yule anayenunua unga au bati. Fedha anazotoa si haba. Tena bidhaa hii ina tatizo la peke yake: hununuliwa vipande vipande. Sabufa hutoka duka moja la Kariakoo, amplifaya duka jingine, boksi huchongwa na seremala, na nyaya huletwa na fundi. Kila mmoja husifu kipande chake, wala hakuna anayeulizwa kama vipande hivyo vinapatana. Visipopatana, koili huungua, amplifaya huzima, betri hulala, na mara nyingine gari huwaka moto. Wakati huo kila muuzaji humnyoshea kidole mwenzake, na hasara humbakia mlaji.

Kwa hiyo leo tunapenda kuwapa vipimo vichache ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitumia akiwa amesimama dukani, kabla hajafungua pochi.

Wati za kweli na wati za karatasini

Kwenye katoni nyingi mtakuta tarakimu kubwa: wati 1500, wati 2000, wati 3000. Tarakimu hiyo kwa kawaida ni ya kilele, yaani nguvu ambayo kifaa hudaiwa kuifikia kwa nukta ndogo ya sekunde. Inayomfaa mlaji ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hukitoa au kukihimili kwa mfululizo. Sabufa iliyoandikwa wati 1200 kwa herufi kubwa yaweza kuwa na wati 300 tu za RMS kwa herufi ndogo. Linganisheni RMS kwa RMS, wala msilinganishe kilele cha kifaa kimoja na RMS ya kingine. Bidhaa nyingine hupimwa kwa kiwango cha CTA-2006, ambacho hapo awali kiliitwa CEA-2006. Kiwango hicho humtaka mtengenezaji apime nguvu ya amplifaya kwa volti 14.4, kwa omu 4, na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 1. Mkikuta alama hiyo, tarakimu zilizo chini yake zina maana moja kwa kila kampuni.

Na kama katoni haisemi lolote kuhusu RMS? Tazameni fyuzi iliyochomekwa kwenye amplifaya. Chukueni ampea zake, zidisheni kwa volti 13.8, ambazo ndizo za gari lililowashwa. Amplifaya yenye fyuzi moja ya ampea 30 huingiza wati 414 hivi. Sehemu ya umeme huo hupotea kama joto. Hata amplifaya ya daraja D iliyo bora, inayogeuza asilimia 80 ya umeme kuwa nguvu ya sauti, itatoa wati 330 tu kwa mfululizo. Haiwezekani kifaa kitoe zaidi ya kilichoingia. Basi mkiona wati 2000 juu ya katoni na fyuzi ya ampea 30 ndani yake, mjue tarakimu ile ni pambo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Amplifaya nyingine kubwa hazina fyuzi mwilini mwake. Kwa hizo, dai kitabu cha maelezo, na ukikosa, usinunue.

Omu: mahali ambapo wengi huunguza

Omu ni kipimo cha ukinzani. Ukinzani ukiwa mdogo, sabufa huvuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye amplifaya. Kila amplifaya ina kikomo: nyingine huhimili hadi omu 4, nyingine hadi 2, nyingine hadi 1. Ukiishusha chini ya kikomo chake, hupata joto kali, hujizima, au huungua kabisa.

Sabufa nyingi zina koili mbili, na koili hizo zaweza kuunganishwa kwa njia mbili. Zikiunganishwa kwa mfuatano, omu hujumlishwa. Zikiunganishwa sambamba, koili mbili zinazolingana hutoa nusu ya omu ya koili moja. Tuchukue mfano. Amplifaya yako hutoa wati 150 kwa omu 4 na wati 300 kwa omu 2, na 2 ndicho kikomo chake. Ukinunua sabufa yenye koili mbili za omu 4, fundi ataziunganisha sambamba upate omu 2, na wati zote 300 zitatumika. Lakini ukinunua sabufa ileile yenye koili mbili za omu 2, umejifungia njia: kwa mfuatano utapata omu 4, na nusu ya nguvu uliyolipia italala, sambamba utapata omu 1, na amplifaya itaangamia. Sabufa hizi mbili hufanana kwa rangi, ukubwa na bei. Tofauti ni tarakimu moja ubavuni mwa katoni. Isomeni.

Baada ya hapo, hakikisheni kwamba wati za RMS za amplifaya, kwa omu mtakazotumia, zinakaribiana na wati za RMS za sabufa. Wengi hudhani kwamba amplifaya ndogo haiwezi kudhuru sabufa kubwa. Dhana hiyo si sahihi. Amplifaya ndogo ikilazimishwa hadi mwisho hukata ncha za mawimbi ya sauti. Sauti hukwaruza, na koili hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Vilevile, kile kirungu cha kurekebisha kiasi cha ishara kwenye amplifaya hakikuwekwa ili kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Fundi anayekizungusha hadi mwisho na kusema “sasa inapiga” anakuachia tatizo la kesho.

Boksi nalo ni sehemu ya muziki

Sabufa isiyo na boksi, au yenye boksi lisilolingana nayo, hata iwe ya bei gani, haitapiga kama ilivyoundwa. Mtengenezaji hutaja ujazo unaotakiwa kwa lita. Boksi lililozibwa huhitaji ujazo mdogo na hutoa besi iliyotulia. Boksi lenye tundu huhitaji ujazo mkubwa zaidi, hutoa besi ya nguvu, lakini vipimo vyake havina msamaha: tundu likikosewa urefu au upana, sabufa hurukaruka bila kizuizi kwenye besi za chini sana, na mwisho huchanika.

Kosa la kawaida ni kupima boksi kwa nje. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 35 lina lita 70 kwa hesabu ya nje. Likiwa limechongwa kwa mbao ya MDF yenye unene wa milimita 18, ndani hubaki sentimita 46.4 kwa 36.4 kwa 31.4, yaani lita 53. Lita 17 zimekwenda na mbao, na bado hamjaondoa nafasi inayochukuliwa na mwili wa sabufa yenyewe. Mpeni seremala vipimo vya ndani, kwa maandishi, vilivyotoka kwenye kitabu cha sabufa hiyo.

Umeme wa gari lenyewe

Amplifaya inayotoa wati 500 kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta ampea 45 hivi ikifanya kazi kwa ukomo wake. Alteneta ya gari dogo ina taa, feni, kiyoyozi na betri ya kuhudumia. Taa zikififia kila besi inapopiga, gari linawaambia kwamba limezidiwa. Kapasita inayouzwa kama dawa ya tatizo hilo huhifadhi umeme kidogo tu, haizalishi.

Kuhusu usalama, tunaomba mtusikilize kwa makini. Waya mkuu utokao kwenye betri lazima uwe na fyuzi yake karibu na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya huilinda amplifaya tu. Waya unaopita chini ya zulia ukichubuka na kugusa bodi, ni fyuzi ya karibu na betri pekee itakayozuia moto. Waya nao uwe na unene unaostahili, na uwe wa shaba. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ambao hupitisha mkondo mdogo kuliko shaba tupu ya unene uleule. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Waya wa athi ufungwe kwenye chuma kilichoparuliwa rangi.

Masikio

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Abiria hushuka kituoni. Dereva na kondakta hubaki ndani kutwa, na usikivu ukishaharibika kwa kelele haurudi. Jueni pia kwamba kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua kidogo. Anayetoka wati 300 kwenda 600 hulipa sana kwa tofauti ndogo.

Haki yenu

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ili haki hiyo iwasaidie, shikeni ushahidi. Daini risiti ya EFD inayotaja aina na namba ya kifaa, si neno “spika” pekee. Hifadhini katoni. Mwombeni muuzaji aandike wati za RMS na omu nyuma ya risiti, na masharti ya dhamana. Fundi naye aandike omu alizounganisha na ukubwa wa fyuzi aliyoweka. Kifaa kikiharibika, rudini kwanza kwa muuzaji mkiwa na karatasi hizo; akikataa kuwasikiliza, leteni malalamiko yenu kwetu.

Kwa kumalizia, tunashauri mpangilio huu wa manunuzi. Anzeni na gari: lina nafasi gani kwenye buti, na alteneta yake ina uwezo gani. Kisha chagueni sabufa, mjue RMS yake, omu zake na lita zake. Ndipo mtafute amplifaya inayotoa RMS hiyo kwa omu hizo. Halafu boksi lichongwe, na mwisho nyaya na fyuzi zinunuliwe. Mpangilio huo ukifuatwa, hata muziki wa fedha za kawaida utapiga vizuri na kudumu.