MAFUTA PEKE YAKE HAYATOSHI
Haki ya mgonjwa kurudishiwa maisha yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa walei, Ibighi)



Ndugu wapendwa, viongozi wa vigango na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mama zetu wa WAWATA, wazee wetu na vijana: mmetuomba tuzungumze juu ya haki ya wagonjwa. Pengine mnatazamia tuseme juu ya uhaba wa dawa na gharama za matibabu. Hayo nayo ni mambo ya haki. Lakini leo tunapenda kumzungumzia mtu ambaye dawa zake zimekwisha, mshono wake umepona, karatasi ya kuruhusiwa ameshika mkononi, naye hawezi kusimama.

Yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa milima hii yetu alipanda mparachichi kuchuma. Mvua ilikuwa imenyesha, akateleza, akaanguka na kuvunjika uti wa mgongo. Alipasuliwa katika hospitali moja iliyo mbali na hapa, kisha akarudishwa nyumbani amelazwa nyuma ya gari la mizigo. Sisi tulikwenda kumpelekea Komunyo na kumpa Mpako wa Wagonjwa. Tulimkuta amefunikwa blanketi safi, mama yake akimlisha. Tulisali naye, tukamtia moyo, tukaaga.

Hatukuuliza anageuzwa mara ngapi kwa siku. Hatukuuliza anapataje haja ndogo. Hatukulifunua blanketi. Chini ya blanketi lile kulikuwa na vidonda vilivyokwisha kufika mfupani. Tuliporudi tena, tulirudi kwa mazishi.

Ndugu zangu, kijana yule hakuuawa na mparachichi. Aliuawa na vidonda ambavyo vingeweza kuzuiwa. Wala mama yake hakuwa mzembe. Alimpenda mwanawe na kumhudumia usiku na mchana. Ila hakuna aliyemfundisha kwamba mtu asiye na hisia miguuni na kiunoni hasikii maumivu ya kulala upande mmoja, na kwa sababu hiyo hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kutunza mpira wa mkojo uwe safi, wala jinsi ya kuvinyosha viungo visikakamae.

Je, mambo hayo yaweza kubadilika? Historia yatujibu kwamba yaweza. Hapo zamani, hata katika nchi tajiri, wengi wa waliovunjika uti wa mgongo walikufa katika muda mfupi, kwa vidonda na kwa maambukizo ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia utawala wa Wanazi huko Ujerumani, alikabidhiwa wodi ya wagonjwa wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunganisha uti uliokatika; hata leo dawa hiyo haipo. Alichofanya ni kusisitiza wageuzwe mchana na usiku, wafanye mazoezi, wajifunze kazi za mikono, wacheze michezo. Watu waliosubiri kifo walirudi nyumbani na kazini. Mwaka 1948 alianzisha mashindano ya wanamichezo 16 walioketi katika viti vya magurudumu, na kutokana na mbegu hiyo ikachipuka michezo ya Paralimpiki.

Siku hizi huduma hiyo huitwa utengamao. Mgonjwa hulazwa kwa majuma kadhaa, pengine miezi, wala si kwa ajili ya kungoja kidonda kipone, bali kwa ajili ya kujifunza kuishi upya. Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Daktari hutazama mwili wote. Muuguzi hulinda ngozi na njia ya mkojo. Mtaalamu wa fiziotherapia huamsha misuli na kumfundisha kusimama au kuhama kutoka kitandani hadi kitini. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo humfundisha kuvaa, kuoga na kupika, hata kama mkono wenye nguvu ni mmoja tu. Yuko anayemsaidia kusema tena yule ambaye kiharusi kimemfunga ulimi. Yuko fundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Yuko afisa ustawi wa jamii, na yuko wa kumfariji aliyekata tamaa. Watu hao wote huketi pamoja, na mgonjwa na ndugu zake wakiwamo, nao humwuliza: unataka kurudi kufanya nini? Mmoja atasema kuchuma chai, mwingine kushona nguo, mwingine kumnyonyesha mtoto wake bila msaada. Jibu hilo ndilo huongoza kazi yote.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Msamaria Mwema. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso, alimweka mbele yetu awe kielelezo. Sisi aghalabu tunakumbuka mafuta na divai aliyomtia yule majeruhi, nasi tunadhani kazi imekwisha. La hasha! Alimpandisha juu ya mnyama wake: huo ndio usafiri. Alimfikisha katika nyumba ya wageni: huko ndiko kulazwa. Alitoa dinari mbili: hiyo ndiyo gharama. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba amtunze, kwa kuwa peke yake hakutosha. Tena aliahidi kurudi: huko ndiko kumfuatilia mgonjwa. Kwa kijana wetu, mafuta tulitia. Nyumba ya wageni hatukuitafuta.

Nyumba hizo nchini mwetu zipo, ingawa ni chache na ziko mbali. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo hufundishwa, na tangu mwaka 1981 kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Dar es Salaam ipo CCBRT, iliyoanza mwaka 1994, na ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Lakini kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 850. Kwa mkulima wa ndizi mwenye mgonjwa asiyeweza kuketi, umbali huo ni ukuta.

Wala hatuombi fadhila. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 26 yadai kwamba utengamao uanze mapema iwezekanavyo, uongozwe na uchunguzi wa wataalamu wa fani mbalimbali, na upatikane karibu na watu waishipo, hata vijijini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo yataja huduma hiyo. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Basi, tuna haki ya kuuliza mgonjwa wa namna hii ameandaliwa nini. Kinachodaiwa kwa haki kisiombwe kama sadaka.

Nasi tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mgonjwa anaporuhusiwa, ndugu zake wasikubali kumbeba kabla hawajauliza: tumgeuzeje, tumwogesheje, afanye mazoezi gani, arudi lini, na wapi pana mtaalamu wa viungo? Waulize Makandana, waulize Igogwe, waulize Mbeya. Kuuliza si utovu wa adabu.

Pili, kila Jumuiya iwajue wagonjwa wake wasiotembea, na iwagawanye zamu jirani wa kumpumzisha anayewauguza. Atakayekwenda kusali aulize pia habari za ngozi, kwa heshima na kwa siri.

Tatu, parokia itenge mfuko wa safari na chakula cha ndugu anayekaa na mgonjwa hospitalini. Wengi hukatisha tiba kwa sababu msindikizaji amekosa ugali.

Nne, wale walio katika vikao vya kata na halmashauri waulize bila woga: wilaya yetu ina wataalamu wangapi wa utengamao, na bajeti yao ni kiasi gani? Nasi tuzitazame ngazi za makanisa yetu, tusije tukamzuia mlangoni yule tuliyemwombea kitandani.

Ndugu wapendwa, yule mama bado yu hai, na kila Dominika huja Misa. Siku moja alituuliza: “Baba, kumbe ilikuwa kumgeuza tu?” Hatukuwa na la kumjibu. Twawasihi, asiwepo mama mwingine wa kutuuliza swali hilo.