Ugonjwa Haungoji Siku ya Mushahara

(Maneno ya karani mumoja wa kompani ya madini, Katanga, mbele ya mukutano wa wandugu)



Mimi si munganga. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika majina: jina la mufanyakazi, la bibi yake, na la watoto wake, kusudi wapokelewe katika lopitali ya kompani. Mwenye jina katika kitabu changu anatunzwa. Asiye na jina anabaki inje. Kila jioni ninapofunga kitabu hicho ninawafikiri watu wa kwetu mugini. Jina lao sikuliandika, wala hakuna karani mwingine anayeliandika.

Niwaambie neno moja la nyumbani kwetu. Dada yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, na lopitali ilikuwa mbali, zaidi ya kilometre 30. Shemeji alimufunga kwa kitambaa juu ya velo, akamusukuma mupaka asubuhi. Mungu asifiwe: wanganga walimupasua, mama na mutoto wakapona. Lakini siku ya kutoka mulango ulifungwa. Lipa kwanza! Dada alilala kule majuma matatu juu ya sakafu, mutoto kifuani, tukitafuta feza. Mbuzi ziliuzwa. Mwisho velo pia ikauzwa, velo ile ile iliyomuokoa. Wale mainfirmie siwalaumu; labda wao wenyewe hawakuona mushahara miezi mingi. Ninauliza tu: mwanamuke wa pili wa kijiji kile atapelekwa na nini?

Ndiyo sababu ninasimama mbele yenu leo. Lopitali bila sanduku la feza ni nyumba yenye kufungwa mbele ya masikini. Na sanduku halijazwi siku ya ugonjwa. Linajazwa siku ya afya.

Wazee wengine wanasema: zamani za Wabeleji matunzo yalikuwa mazuri. Ni kweli, lakini pahali gani? Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilijenga lopitali katika kambi zake, kwa sababu mugonjwa hachimbi shaba. Mwaka wa 1930 serikali ya koloni ilianzisha FOREAMI kwa kutunza watu wa vijiji, lakini haikufika inchi yote. Na ukubwa wa udaktari ulibaki mikononi mwa wageni. Tarehe 30 Juni 1960 tulipopata uhuru, inchi hii kubwa haikuwa na munganga Mukongomani mwenye diploma kamili. Wanganga wageni wengi walipokimbia, nani alibaki katika dispansere? Mainfirmie wetu na wasaidizi wa wanganga. Shirika la Afya la Ulimwengu lilisaidia kupeleka kundi la wasaidizi hao Ufaransa, wakamalize masomo, warudi wanganga kamili.

Basi tushike fundisho la kwanza: infirmie aliye karibu anaokoa watu wengi kuliko munganga aliye mbali.

Fundisho hili lilijaribiwa kwa nguvu kule Kasongo, katika Maniema, tangu mwaka wa 1971. Wanganga wa chuo cha Antwerpen pamoja na Wakongomani waliweka vituo vya afya vidogo, kila kimoja kwa watu kama 10.000. Infirmie alifuata maagizo yenye kuandikwa: homa hii, dawa hii; dalili hii, mupeleke lopitali. Watu wa pahali walikuwa na baraza lao la kusema juu ya kituo chao. Mwaka wa 1978, kule Alma-Ata, mataifa yalipatana kwamba matunzo ya kwanza yawe karibu na nyumba za watu. Inchi yetu ilikuwa na wanganga waliokwisha kufanya kazi namna hiyo. Ikagawanywa katika zone za afya, na leo zinapita 500, kila moja na lopitali yake na vituo vyake.

Juu ya karatasi ni muzuri sana. Lakini mimi karani ninajua tofauti ya karatasi na sanduku. Mwaka wa 2001, kule Abuja, wakubwa wa Afrika waliahidi kutia sehemu 15 katika 100 za feza ya serikali kwa afya. Inchi yetu haijafikia hapo. Kumbe feza ya kuendesha kituo inatoka wapi? Inatoka kwa mugonjwa mwenyewe, saa ile ile anapolia kwa maumivu. Ni biashara gani hii, kumuuzia mutu kamba wakati amekwisha kuanguka katika kisima?

Sasa sikieni habari ya Bwamanda, kaskazini ya Kongo. Mwaka wa 1986 lopitali ya kule ilianzisha sanduku la kusaidiana. Kila mutu wa jamaa aliandikwa, wazee kwa watoto, kusudi watu wasiandike wagonjwa peke yao. Bei ilikuwa ndogo, na ililipwa wakati watu wamekwisha kuuza mavuno, feza ikiwa mukononi. Aliyeandikwa akilazwa katika lopitali, analipa sehemu 20 katika 100, na sanduku linalipa 80. Mwaka wa kwanza aliingia kidogo zaidi ya mutu mumoja katika wane. Nyuma ya miaka michache walipita nusu. Tuseme kweli pia: waliokaa mbali sana walipata faida kidogo, kwa sababu sanduku halitengenezi barabara.

Sheria ipo. Tarehe 8 Februari 2017 inchi ilipata sheria juu ya vyama vya kusaidiana, tunavyoviita mutuelle. Tena tangu Septemba 2023, kuanzia Kinshasa, serikali ilianza kulipia uzazi, na mupango ule ukafika provense nyingine. Tunaupokea kwa furaha. Lakini usiishie penye lami. Ufike penye velo.

Wengine mutasema: karani, watu wa mugini ni masikini, sanduku lao litajaa na nini? Swali ni la haki. Lakini je, udongo wao ni masikini? Sheria ya madini yenye kutengenezwa upya mwaka wa 2018 inasema wazi. Katika ule ushuru wa madini unaoitwa redevance, provense inapata sehemu 25 katika 100, na usultani ao sekta ambamo madini yanachimbwa inapata 15. Tena kompani inapashwa kutoa si chini ya sehemu 0,3 katika 100 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mine. Wandugu, nani kati yetu amekwisha kuingia katika biro ya sekta na kuuliza: feza ile ilinunua nini mwaka huu? Dawa ngapi? Ilisaidia infirmie gani?

Ninawaomba mambo matatu.

La kwanza: sisi wa mushahara, tuandikishe wazazi wetu katika mutuelle wakati wa mavuno, mbele ya kuhomeka. Inapokosekana mutuelle, tuianzishe kwa sheria. Feza tunayotuma kwa kilio ingalitosha kwa dawa.

La pili: twende katika biro ya sekta, si kwa matusi wala mawe, lakini na kalamu. Tuombe kuona sehemu ya afya, na tuandike tunachoonyeshwa.

La tatu ni kazi ya ukarani. Ninajua hofu yenu: feza italiwa. Tumekwisha kuona vyama vingi vikifa namna hiyo. Basi sanduku liwe na funguo mbili, moja kwa mama mumoja, moja kwa baba mumoja, wasio wa jamaa moja. Kila mwezi hesabu isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, hata wasiojua kusoma. Mwizi anapenda kitabu chenye kufungwa.

Mutoto wa dada yangu anatembea leo. Ninamupenda sana. Lakini sitaki mutoto wa pili azaliwe kwa bei ya mbuzi na velo. Nimeandika majina ya wageni miaka mingi. Ninataka siku moja kuandika jina la mama yangu.