Chumba Kimfuate Mtoto



Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuonana na mzazi asiyeishi naye. Je, waonane wapi kwa amani? Nchini Uingereza vituo vingi vya kuwakutanisha vinaendeshwa na watu wa kujitolea, vingine katika kumbi za makanisa. Nasi kumbi tunazo. Lakini ukumbi mtupu hautoshi.

Mtoto mwenye usonji anaweza kuziba masikio na kulia kwa sababu ya mvua juu ya bati. Tukiandika kwamba amemkataa baba yake, tumewadhulumu wote wawili.

Basi, kabla ya siku ya kwanza tumwulize mlezi, na mtoto mwenyewe: sauti gani inamsumbua? Mwanga je? Harufu? Hutulizwa na nini? Kisha tutandike mkeka, tutundike pazia, tutenge kona tulivu, naye akione chumba mapema.

Tunaomba kila usharika utenge chumba kimoja. Wafadhili, tusaidieni kukiandaa.