Mzee amepona saratani, mbona bado anauza mbuzi?

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya jana usiku, kwa wale ambao network iliwasumbua ama walikuwa kazini. Kanuni ni zile zile: hapa hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunalichambua suala lenyewe, ndiyo siku mkutano ukifika kwenu ujue la kuuliza.

Leo ni saratani ya tezi dume. Ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi hapa Kenya, hasa waliovuka miaka 50. Kwenye majukwaa utasikia pande mbili. Wa kwanza anasema: bima iko, mgonjwa anatibiwa. Wa pili anajibu: bima gani hiyo, watu wanarudishwa hospitalini. Wanavutana hivyo hadi mkutano unaisha. Lakini ukisikiliza vizuri, wote wawili wanaongea juu ya mwaka wa kwanza, ule wa upasuaji na mionzi. Mimi nataka tuongee juu ya mwaka wa tano.

Saratani hii ikigunduliwa mapema, mtu anaweza kuishi miaka mingi sana. Hiyo ni habari njema. Shida ni kwamba "kupona" hapa hakumaanishi umemalizana na hospitali. Kuna kipimo cha damu kinaitwa PSA, ambacho lazima kirudiwe mara kwa mara kuona kama ugonjwa unarudi. Kuna wanaopewa sindano za kupunguza homoni, nyingi zikidungwa kila mwezi ama kila miezi mitatu. Kwa wengine ni mwaka mmoja au miwili, na kwa wale ambao ugonjwa ulishasambaa huwa ni za maisha. Kuna wanaobaki na shida ya kuzuia mkojo, kwa hivyo kuna daipa za watu wazima. Daipa si dawa. Zinatoka mfukoni.

Tuchukue mfano. Tuseme ni fundi wa mawe huko Kakamega, miaka 66. Alitibiwa, akapona, watu wakamshukuru Mungu kanisani. Sasa zile sindano zinamaliza nguvu za misuli, zinachosha mwili, na zikiendelea kwa muda mrefu zinadhoofisha mifupa. Mtu kama huyo atapanda tena kwenye jukwaa la mjengo na ndoo ya simiti? Hapandi. Kwa hivyo gharama inaendelea na mapato yamekatika, zote kwa wakati mmoja. Kliniki yake iko Eldoret. Kila akiitwa ni nauli ya watu wawili, kwa sababu hawezi kusafiri peke yake, na mama naye siku hiyo amefunga kibanda chake cha mboga. Hiyo nauli na hiyo siku ya kibanda haziko kwenye bili yoyote ya hospitali, ndiyo maana hakuna mheshimiwa anayezitaja.

Mtasema, si tutamchangia? Tulishamchangia. Harambee hufanywa mara moja, mgonjwa akiwa kitandani na picha yake ikizunguka WhatsApp. Hakuna mtu anaitisha harambee ya nauli ya kliniki mwaka wa tano. Hapo ndipo mbuzi huanza kuuzwa, halafu ng'ombe, halafu kipande cha shamba.

Sasa twende kwa bima yenyewe. SHA ilianza kazi Oktoba 2024 ikichukua nafasi ya NHIF. Wakati ule kiwango cha saratani kiliwekwa 400,000 kutoka mfuko wa SHIF, na hizo zikiisha, 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Jumla 550,000 kwa mwaka. Mjadala wote umekuwa juu ya hiyo namba, ipande ama isipande. Lakini kuna neno moja ambalo hurukwa jukwaani: ni kwa kaya, si kwa mtu. Mama akipatikana na saratani ya matiti mwaka huo huo, wanagawana.

Jambo la pili ni mchango. Aliyeajiriwa hukatwa 2.75% kwenye mshahara, haoni hata ikitoka. Yule fundi wetu hana payslip. Kaya yake inapimwa uwezo, kima cha chini ni 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima. Hiyo ni 3,600 kwenda juu. Asipolipa, mlango wa SHIF unafungwa, na anafungiwa mwaka ule ule anaohitaji sindano. Umri nao haumsaidii. Pesa za wazee za Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi, na zinaanza miaka 70. Yeye ana 66.

Kuna mtu jana aliniuliza swali zuri: pesa za serikali ni kidogo, kwa nini tuzitumie kwa waliopona wakati wengine hata hawajapimwa? Namjibu hivi. Mzee akikosa nauli, anaruka kliniki. Akiruka kliniki, ugonjwa unaweza kurudi bila mtu kujua, na atarudi hospitalini akiwa amelemaa mgongo kwa sababu umeingia kwenye mifupa. Hapo gharama ni kubwa kuliko kipimo cha damu, na mnalipa ninyi ninyi. Wengine huchagua upasuaji wa kuondoa korodani kwa sababu unafanywa mara moja na unamaliza hesabu ya sindano. Ni tiba halali, na kwa wengine inafaa. Lakini mtu aichague kwa ushauri wa daktari, si kwa sababu mfuko umekauka.

Kwa hivyo mkutanoni uliza matatu. Moja, kwa anayetaka kiti cha kitaifa: kiwango chako cha bima kinashughulikia vipi ufuatiliaji wa mwaka wa tano, na asiyeweza kulipa mchango analipiwa na nani? Mbili, kwa anayetaka ugavana, kwa sababu Katiba ya 2010 iliweka hospitali za kaunti mikononi mwake: PSA na sindano zitapatikana lini hapa kwetu, ndiyo mzee asisafiri hadi Eldoret? Tatu, kwa wote: Kifungu cha 43 kinatupa haki ya afya na haki ya hifadhi ya jamii. Ya pili mnaikumbuka?

Akikujibu kwa wimbo na densi, umepata jibu lako.

Na kabla ya mkutano, mpigie simu baba ama mjomba nyumbani. Wazee wetu hawapendi kuongea mambo ya mkojo, wala kuomba pesa. Usimuulize kama amepona. Muulize kliniki ni lini, na nauli iko?

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu.