Mrututu na Haki ya Mpulizaji



Katika milima yetu, hasa upande wa Manyovu, kahawa ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Nayo huandamwa na kutu ya majani na chulebuni. Dawa ya siku nyingi dhidi ya magonjwa hayo ni shaba, na kongwe miongoni mwa dawa za shaba ni mrututu.

Mrututu ni chumvi itokanayo na shaba na asidi ya salfa. Ubuluu wake hutegemea maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake: ukipashwa moto sana hugeuka unga mweupe, ukitiwa maji hurudia rangi yake. Mwaka 1885 Millardet, mtaalamu wa mimea wa Bordeaux, Ufaransa, alitangaza kwamba mrututu uliochanganywa na chokaa huikinga mizabibu na ukungu. Chokaa huupunguzia ukali, usiunguze majani. Usichanganywe katika debe la chuma, kwa maana huila chuma.

Lakini kinachoua kuvu hakimwachi mtu. Mrututu ukimezwa huchoma tumbo, huvunja chembe nyekundu za damu, na huharibu ini na figo. Gramu 10 hadi 20 zaweza kumwua mtu mzima. Ukimwagwa mtoni huua samaki. Shaba haiozi, hubaki udongoni miaka mingi. Kwa hiyo mrututu usinyunyizwe kwenye vidonda, wala usinywewe kama dawa.

Hapa ndipo haki inapotudai. Kibarua apulizaye shamba la mwenzake hulipwa ujira wa siku moja, bali macho na figo zake ni za maisha yote. Mwenye shamba ampatie glavu za mpira, mabuti, kinga ya macho na ya pua, maji na sabuni. Mtoto asitumwe kazi hiyo. Muuzaji asiutie katika chupa ya soda isiyo na maandishi. Aliyeumeza asitapishwe, akimbizwe hospitali pamoja na pakiti yake.

Aidha, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania imezalisha aina za kahawa zinazohimili chulebuni na kutu ya majani. Vyama vyetu vya msingi viidai miche hiyo, ili dawa ipungue na afya ibaki.

Maswali kwa jumuiya ndogondogo: Je, nani hupuliza mashamba yetu, naye amevaa nini? Sumu zetu zinatunzwa wapi, na mtoto anaweza kuzifikia?