Ukurasa Usioganda: Mazoezi ya Maombi ya JavaScript kwa Ajili ya Huduma Bora

(Mada kwa vijana wa Mlandizi wanaojifunza kutengeneza tovuti)



Mwenye duka wa Magindu anayeomba huduma kwa simu hana haja ya kuijua JavaScript. Anachojua ni kwamba amebonyeza kitufe cha “Tuma” na hakuna kilichotokea. Hivyo anabonyeza tena. Ukurasa uliotengenezwa bila uangalifu unaweza kumtolea ankara mbili kwa huduma moja. Malipo ya Serikali yanayopitia mfumo wa GePG hufanywa kwa kumbukumbu namba. Mwananchi mwenye namba mbili hajui alipe ipi. Hulazimika kupanda gari hadi Mlandizi kueleza kosa ambalo si lake.

Zamani, kila taarifa mpya ilihitaji ukurasa mzima upakiwe upya. Mwaka 1999, Microsoft iliweka katika kivinjari chake, Internet Explorer 5, njia ya kuomba taarifa kutoka kwenye seva huku ukurasa ukibaki mahali pake. Mwaka 2005, Jesse James Garrett aliupa mtindo huo jina la Ajax. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi kwa amri ya fetch.

Kiini chake ni chepesi. Aliyeagiza chakula kwa mama lishe hasimami mbele ya jiko kama nguzo. Huketi, huzungumza na wenzake, na sahani huletwa ikiwa tayari. Vivyo hivyo, fetch hutuma ombi na kurudisha papo hapo ahadi ya jibu. Ukurasa huendelea kufanya kazi mpaka jibu lifike.

Hata hivyo, mama lishe anaweza kurudi na kusema wali umekwisha. Hapo ndipo wanaoanza kujifunza hukosea. Mtandao ukikatika, fetch hutoa taarifa ya kushindwa. Lakini seva ikijibu 404, yaani kilichoombwa hakikuonekana, au 500, yaani seva imepata hitilafu, kwa fetch hilo bado ni jibu lililofika. Ni wajibu wa fundi kukagua response.ok kabla ya kumwambia mwananchi kwamba ombi lake limepokelewa.

Mazoezi yafuatayo yanafaa kuanza nayo:

1. Wekeni faili dogo la JSON, kwa mfano orodha ya kata za Kwala, Soga, Ruvu na Magindu, kwenye seva ndogo ndani ya kompyuta yenu, kisha mlisome kwa fetch. Msifanyie majaribio mifumo inayotumiwa na wananchi, wala msitumie taarifa zao binafsi.

2. Kitufe kikibonyezwa, kifungwe, na maneno “Ombi linatumwa, tafadhali subiri” yaonekane.

3. Punguzeni kasi ya mtandao kwa zana za watengenezaji zilizomo ndani ya kivinjari, kisha ukateni kabisa. Andikeni ujumbe utakaoeleweka na mtu asiyejua kompyuta.

4. Wekeni ukomo wa kusubiri kwa kutumia AbortController. Kumbukeni kwamba kuacha kusubiri hakuthibitishi kuwa seva haikupokea ombi.

5. Kwa sababu hiyo, kila ombi lipewe namba yake ya pekee, nayo seva ifundishwe kuitambua. Likirudiwa, litoe jibu lilelile badala ya ankara ya pili.

Hatua ya tano ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa kuwa kwenye kompyuta ya fundi mtandao hauna mashaka na jibu hurudi mara moja. Mwananchi aliye mbali na mnara wa simu hana bahati hiyo. Kwa hiyo kazi isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka ijaribiwe katika hali yake yeye: mtandao hafifu, simu ya bei nafuu na kidole kilichobonyeza mara mbili.